Upande wa Nyuma wa Karatasi ya Mapishi

Juzi nilikuwa jikoni kwangu hapa Gihundwe, napasha sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye sufuria kavu, bila mafuta, na ile harufu ya samaki na ziwa ilipopanda nikageuka ghafla kutazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Ni mazoea tu. Wengine wakikumbuka kambi ya familia hukumbuka nyimbo na michezo. Mimi hukumbuka kwamba kwa siku tatu nzima nilimchunga mama yangu mzazi kama afisa wa forodha anavyoichunga mifuko ya wachuuzi wanaotoka Bukavu.

Nilikuwa na miaka kumi. Nyumbani tulikuwa wanne: Papa, Maman, mimi, na mdogo wangu Fiston, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akila chochote kilichoacha kusogea. Papa alikulia Bukavu, na huko alikuwa skauti. Aliporudi Rwanda na wazazi wake, alirudi na hema moja la turubai lililonuka moshi, na kila likizo alitishia kutupeleka kambini. Hakutupeleka hata mara moja. Kisha Agosti hiyo, bila mtu kumkumbusha, akasema tunakwenda kupiga kambi Gikundamvura, kwenye ukingo wa shamba la dada yake, Tantine Vestine. Ijumaa mpaka Jumapili.

Nilifurahi kwa muda wa chakula kimoja cha jioni. Baadaye machale yakaanza kunicheza.

Maman alichukua karatasi ya daftari yenye mistari ya miraba, akaketi karibu nami, akauliza: "Claudine, unapenda tukapike nini kule?"

Wasomaji wangu, nyumbani kwetu mtoto hakuulizwa anapenda kula nini. Ulikula kilichokuwa sufuriani, ukashukuru, ukaosha sahani. Nikamjibu kwa tahadhari: sambaza na bugali. Akaandika. Maharagwe yenye mawese. Akaandika. Bitoke, zile ndizi za kupika, na mboga ya lengalenga. Akaandika pia, na hakusema hata mara moja kwamba mimi ni mlafi.

Alipotoka kuanua nguo, nikaigeuza karatasi. Upande wa mbele palikuwa na siku tatu za kambi, na mbele ya kila chakula jina langu: Claudine, Claudine, Claudine. Upande wa nyuma palikuwa na siku nyingine saba. Jumatatu, Jumanne, hadi Jumapili ya wiki iliyofuata. Kila siku ilikuwa na chakula chake na jina langu, isipokuwa hiyo Jumapili ya mwisho. Hapo aliandika neno moja tu: Maman.

Kambi ya siku tatu ina chakula cha siku kumi kwa sababu gani?

Msinicheke. Nilikuwa na ushahidi mwingine. Mwaka uliotangulia, rafiki yangu Solange, tuliyekuwa tukiketi dawati moja, alianza kufundishwa kupika na mama yake. Alijigamba darasani kwamba anageuza bugali peke yake. Mwezi haukuisha, shangazi yake akaja, akasema binti amekuwa mkubwa na yeye anahitaji mtu wa kumsaidia nyumbani, na Solange akaondoka na kifurushi chake. Kwetu jambo hilo ni la kawaida, mtoto wa ndugu ni mtoto wako, na hakuna aliyeliona kuwa baya. Mimi nililiona. Dawati lilibaki na nafasi, na kila asubuhi niliitazama.

Kwa hiyo nilijumlisha. Tantine Vestine alikuwa mjane, na watoto wake wote walikuwa wakubwa, wameondoka. Upande wa nyuma wa karatasi ulikuwa wiki yangu ya kwanza ya kumpikia. Na Jumapili ya mwisho ni siku ambayo Maman angekuja kunisalimu.

Tulishuka Gikundamvura Ijumaa mchana. Huko chini kuna joto kuliko kwetu, na Papa alitoka jasho akifunga kamba za hema kwa mafundo ya skauti yaliyofunguka kila Fiston alipoyagusa. Tantine alikuja kutusalimu. Akanishika mabega, akanigeuza mbele na nyuma.

"Yoo! Mwana wanjye! Amekuwa mukubwa kabisa. Sasa anaweza kazi."

Nikamtazama Maman. Maman akatazama mafiga. Nikasema moyoni, tayari, imekwisha.

Hapo ndipo nikapata mpango wangu, na mpaka leo nauona kuwa mpango wa mtoto mwenye akili. Ikiwa Tantine anataka binti anayejua kupika, basi atakutana na binti asiyejua kuchemsha hata maji. Nani angemchukua mtu kama huyo?

Jioni ile Maman alinikabidhi sambaza. Yeye aliketi kwenye kigoda, mkono mmoja ubavuni, akanielekeza kwa mdomo tu.

"Usitie mafuta kwanza. Pasha, zikauke. Ukisikia zinalia kwa sufuria kama majani makavu, njo unaleta kitunguu."

Nilizisikia zikilia. Nilisikia vizuri sana. Nikageuka kutazama ndege mtini mpaka moshi ukawa mweusi. Fiston alionja moja, akaitoa, akasema inanuka kiatu cha Papa. Papa akala zote, akasema kambini zamani walikula vibaya zaidi.

Jumamosi ilikuwa zamu ya maharagwe. Maman alinionyesha namna ya kubonyeza punje moja kati ya vidole, ikipondeka bila ubishi ndipo unatia chumvi, si kabla. Nilitia chumvi alipokuwa akinitazama. Akageuka kumfuta Fiston kamasi, nikatia tena, konzi nzima. Yalikuwa hayaliki. Papa alikunywa maji nusu ndoo. Bugali wa jioni nikauacha mwepesi makusudi, ukawa uji, na Papa akaunywa kwa kikombe.

Maman hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitia shaka kuliko yote, maana mama yangu alikuwa mtu wa kugombeza. Aliikwangua sufuria polepole, akapumzika katikati ya kazi, akaikwangua tena. Kisha akamwambia Papa kitu kwa Kifaransa, lugha waliyoitumia tusipotakiwa kujua. Nilishika neno moja tu, "mardi". Jumanne. Basi nikajua na siku.

Jumapili asubuhi Maman alikwenda kwa Tantine, na baada ya muda Papa akanituma nimwombe Tantine kitunguu. Nilipofika nyuma ya nyumba niliwasikia, nikasimama kwenye ukuta nikatega sikio. Wakati huo kusikiliza mlangoni kulikuwa kama kazi yangu ya kudumu.

Tantine alisema: "Umeona mwenyewe. Batoto bataumia na njaa kule. Niachie huyu binti, Fiston naye abakie na baba yake."

"Apana, Vestine. Sipendi batoto bangu bagawanyike. Claudine akijua kupika, babakie bote kwabo na baba yabo."

"Na akishindwa?"

Nilisikia kisu cha Maman kikimenya kitu, kikasimama.

"Akishindwa, utamukamata."

Siku mbili nilikuwa nimejichimbia shimo kwa jembe langu mwenyewe. Kila punje niliyoiunguza ilikuwa inanisogeza kwa Tantine, si kuniondoa kwake. Na angalieni mambo ya utoto: katika maneno yale yote nilishika sehemu yangu tu. Kwamba Maman alisema tubaki na baba yetu, na yeye hakujihesabu, nilisikia, lakini sikulipatia neno hilo nafasi.

Nilirudi hemani bila kitunguu. Maman alipokuja nikamwambia: "Leo napika miye. Usiniambie kitu."

Chakula kilikuwa bitoke na lengalenga. Nilijipaka mafuta viganjani kwanza, ili utomvu wa ndizi usinigande, kama alivyokuwa akifanya yeye. Nilimenya, nikaosha, nikazipanga sufuriani, maji yasizifunike. Nilijua wakati wa kupunguza kuni. Nilijua lengalenga huingia mwisho na hazifunikwi. Nilijua chumvi ya kiganja kile chake ni kiasi gani. Ajabu yenyewe ni kwamba hakuna aliyekuwa amenifundisha bitoke. Lakini ukimchunga mtu jikoni tangu siku ile ya karatasi mpaka kambini, ukiamini kila mkono wake unaficha kitu, unaishia kujua mikono hiyo inafanya nini. Mashaka yangu yalikuwa yamenifundisha kupika.

Tantine alialikwa. Alionja, akatafuna, akamtazama Maman, akaomba aongezwe. Fiston aliilamba sahani. Maman alikula kidogo tu, kisha akaweka kijiko chini, akaufunika uso kwa kitenge. Nilidhani ni moshi.

Tulirudi Gihundwe wote wanne. Nilishuka kwenye basi nikijiona mshindi.

Jumanne alfajiri Maman alivaa viatu vya kanisani. Alituambia anakwenda Kigali kwa madaktari, wana kitu cha kumtoa tumboni, na kwamba mimi najua kupika kwa hiyo haogopi. Akaibandika ile karatasi ukutani jikoni, upande wa nyuma ukiwa mbele. Papa akambebea begi. Fiston alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nasoma ukutani: Jumanne, maharagwe, Claudine. Jumapili, Maman. Hapo ndipo nilipoelewa ile Jumapili ilikuwa ya nani na kwa nini.

Hakurudi Jumapili ile. Wala iliyofuata. Siku za wiki nilipika kwa kufuata karatasi, na ilipoisha nilianza tena juu. Lakini Jumapili nilikataa. Papa alisema nichemshe tu viazi, nikamwambia Jumapili si yangu, imeandikwa. Hakubishana. Akanunua mkate, tukala na chai, wote watatu tukiangalia mlango bila kuambiana.

Alirudi Jumapili ya sita. Alikuwa mwembamba hata nikaona aibu kumtazama. Hakuweza kuinua sufuria, wala kuinama. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, nikamsogezea sufuria miguuni, nikambonyezea punje ya harage mbele ya macho yake ili aone imeiva. Akatia chumvi kwa mkono wake. Kazi yake siku hiyo ilikuwa hiyo tu, na Papa alisema hajawahi kula maharagwe kama yale.

Miaka mingi niliibeba siri ya konzi ya pili ya chumvi. Mwaka jana tulikuwa tunamenya viazi kwake, nywele zake sasa ni nyeupe, nikaona nimeshakuwa mtu mzima vya kutosha kuungama.

"Maman, yale maharagi ya kambi. Nilitia chumvi mara mbili makusudi."

Hakusimamisha kisu. "Nilikuona."

"Uliniona? Sasa kwa nini haukunigombeza?"

"Nilizani ulishajua kama naenda kupasuliwa. Nilizani uko unanikasirikia, unakataa kujifunza ju nisiende." Akatupa kiazi kwenye beseni. "Niliogopa kukuuliza, mwana wangu. Ungeniuliza kama nitarudi, ningekujibu nini?"

Miaka yote nilidhani pale kambini mwenye mashaka alikuwa mmoja. Kumbe tulikuwa wawili, tumeketi pande mbili za sufuria moja, kila mmoja akimchunguza mwenzake na kuliogopa swali lake. Yeye alimeza chumvi yangu kimya kimya, akidhani ni hasira yangu ya kumpenda. Naliona wazi sasa, na linaniuma, kwamba angeweza kufa na wazo hilo.

Basi juzi, zile sambaza zikiwa motoni, mezani palikuwa na karatasi yangu ya mapishi. Tunakwenda kambini mwisho wa mwezi, na hema ni lile lile. Binti yangu, mwenye miaka tisa, aliingia, akaisoma, akakunja uso. Nilikuwa naujua uso ule.

"Maman, ju ya nini jina yangu iko ku Jumamosi?"

Nilitamani kumjibu "nenda ukacheze", kama mtu yeyote mwenye sufuria motoni. Badala yake niliziepua sambaza, nikamvutia kiti. Nikamwambia tunakwenda siku tatu, tunarudi wote, mimi siumwi, hakuna shangazi anayemngoja, na Jumamosi nimemwandika yeye kwa sababu nataka kulala mchana.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua karatasi, akaigeuza, akaukagua upande wa nyuma kutoka juu hadi chini. Ulikuwa mtupu. Ndipo akaniuliza kama anaweza kupika sambaza.