Ndege wa Kwenye Majaruba ya Chumvi

Juzi nilikwenda Mbweni kuangalia kiwanja. Dalali akakanyaga chini kwa kishindo. "Hapa sista pamejazwa kifusi, pagumu kabisa. Zamani yalikuwa majaruba ya chumvi." Basi nikaanza kuchezesha miguu. Ningemwambia nini? Kwamba hapo ndipo nilipomkosea bibi yangu?

Bibi alikuwa anakwangua chumvi kwenye majaruba hayo, maji ya bahari yakishakauka. Likizo ya Desemba nilikuwaga namfuata na mihogo ya kuchemsha na chupa ya chai ya rangi, nyayo zinaniwasha kwa chumvi, sitaki kutembea, nataka kukimbia tu. Msimu huo ndege wa kutoka Ulaya, wenye vijiguu vyembamba, walijaa kwenye jaruba la mwisho. Wakwanguaji walikuwa na desturi yao: jaruba hilo haliguswi mpaka ndege wapate kula, washibe. Sie watoto hata kupiga chafya tulikatazwa.

Mwaka huo mtoto wa jicho alishamfunika bibi jicho moja, na la pili lilikuwa linafifia. "Nisogeze niwaone vizuri," akaniambia. "Mwakani sijui."

Tukakaa kwenye tuta. Mie huku nachezesha magoti, huku nachimba udongo.

"Tulia basi, we mtoto! Una siafu?"

Kutulia nilikuwa sijui. Nikaona ndege waliosimama hawana maana, afadhali awaone wakiruka. Nikapiga makofi. Loh! Waliruka wote, wakapotelea baharini.

"Mbona nasikia mabawa?" bibi akauliza, amekaza macho.

"Wachache tu, bibi. Wengine wapo."

"Wako wapi?"

Nikamshika kidevu, nikamgeuzia kwenye maji matupu. "Hao hapo mbele."

Akatazama weee. Kisha akatabasamu. "Nimewaona. Wamejaa, mashallah!"

Jioni akawasimulia majirani mpaka uji ukapoa. Nilikwenda kujificha uani.

Msimu uliofuata macho yote mawili yalikuwa yameshafunikwa. Ndege wakija, ananiita nimweleze, halafu anasema, "Lakini hawafikii wale wa siku ile." Naitikia, nami moyoni nasema nikikua nitamwambia ukweli.

Majaruba hayapo tena, na ndege sijui siku hizi wanatua wapi. Bibi alifariki nikiwa darasa la saba.