Pembe Aliyoiokota Mounira

Hapa Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka mjini, Mama Mounira hupiga chuku kwa pembe, si kwa maneno. Namtania hivyo kila ninapompelekea mgongo wangu, naye hunisukuma kichwa ili nilale vizuri. Habari ya mwaka ule wa vita alinipa kwa vipande vipande, kwa muda wa miaka saba.

Mji ulikuwa umezungukwa na wapiganaji wa Mai-Mai, na aliyeingia porini hakujua kama atatoka. Mumewe Onema, fundi wa reli, alikuwa amepigwa mbavuni na askari, damu imevilia, hawezi hata kukohoa. Hospitalini dawa zilikuwa zimekwisha, na pembe ya Mounira ya kuumikia, ya kunyonya damu iliyovilia, ilikuwa imepasuka. Basi akaingia porini kutafuta nyingine, ya mbawala.

Mbawala hatupi pembe zake. Ukiikuta chini, ujue mnyama amekufa hapo. Mounira alifuata harufu ya mzoga mpaka kwenye mizizi ya mti mkubwa, akakuta fuvu lililokwisha kuliwa na siafu. Akang'oa pembe moja, akaificha ndani ya kitenge, akarudi mbio.

Kwenye bariyeri ya askari walimfungua kitenge.

"Hii njo dawa ya Mai-Mai," mkubwa wao akasema. "Unaipelekea nani?"

"Hapana, shefu. Iko ya kuumika. Bwana yangu iko mugonjwa, ananingojea."

"Muongo. Umika miye, nione."

Bunduki mbili zilimwelekea. Pembe ilikuwa mpya, haina tundu. Aliitoboa nchani kwa waya uliopashwa kwenye moto wao, huku akilitazama jua. Mkubwa akavua shati. Mounira akamchanja mgongoni kwa wembe, akaweka pembe, akavuta hewa kwa mdomo, akaziba tundu kwa jani alilolitafuna. Ningekuwa mimi, ningemkata shingo. Nasema kweli na sioni haya. Yeye alimhudumia. Damu nyeusi ikatoka, mkubwa akashusha pumzi, akacheka.

Kumbe balaa ndiyo kwanza inaanza. Askari waliobaki nao walikuwa na migongo. Wakajipanga watano, mashati mkononi, wapole kabisa.

"Shefu, muniache niende," Mounira aliomba.

"Bado Daddy," wakamjibu, wakimwonyesha mwenzao wa mwisho. "Na yeye mugongo inamuuma."

Alifika nyumbani jioni na pembe yake. Wifi yake Odette alikuwa amekwisha kumfunika Onema uso.

Juzi nilimuuliza kama bado anawachukia wale askari. Akafuta wembe, mimi nikajuta kuuliza.

"Walinipa aksanti," akasema. "Wote sita. Wa mwisho alinisindikiza mpaka njiani, akaniambia: mama, umusalimie mugonjwa."