Waenda kwa Miguu: Hakuna

Willis Ondiek huchora madaraja mafupi ya reli, yale ambayo hakuna anayeyapiga picha. Lile la mita nane juu ya mtaro wa karibu na mtaa wa Tassia ni lake, na kwa miezi mitatu alituchosha nalo sisi marafiki zake. Mihimili ya chuma imelazwa bega kwa bega, zege ikamiminwa katikati, chuma na zege vibebe treni pamoja. Jembamba, imara, wala reli haikuhitaji kuinuliwa. Ofisini walimpigia makofi.

Daraja la zamani, lililobomolewa kulipisha hili, lilikuwa na kijia cha mbao ubavuni. Kwenye fomu ya usanifu kulikuwa na swali: waenda kwa miguu? Kisheria, relini hapatembei mtu. Basi Willis akaandika "Hakuna", akaokoa chuma cha kijia kizima. Mtu aliyekwenda shule miaka minane akifuata reli hiyohiyo! Ningekuwa karibu ningempokonya kalamu.

Daraja lilipokwisha kujengwa, Jumatatu moja alikwenda kulikagua. Akamkuta Mama Owen, jirani aliyemlea Willis utotoni wakati mama yake yuko kazini, amesimama ukingoni na beseni la mboga kichwani. Mtaro ulikuwa umefurika. Daraja lilikuwa na upana wa treni tu, hakuna pa kukwepea.

"Mama, mbona umesimama?"

"Nasikiliza kama treni inakuja. Haya magoti hayakimbii siku hizi. Kwani huyu aliyechora hii daraja hana watu?"

Angeweza kuwasingizia wakubwa. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Ni mimi, Mama. Niliandika hakuna mtu anapita hapa."

Alingoja matusi. Mama Owen alimtazama tu, kuanzia kofia ya kazi mpaka buti.

"Na mimi ndiye nilikuwa nakushika mkono ukivuka," alisema. "Haya, twende."

Willis alichukua beseni, akamshika mkono. Walipofika katikati, honi ikalia kwenye kona.

"Mama, kimbia!"

Alimvuta, mboga zikimwagika, yule mama akiguna kwa kila hatua. Walifika ng'ambo, treni ikapita nyuma yao, na daraja halikutikisika hata kidogo.

Mama Owen aliketi kwenye kokoto akishika magoti. Willis alitazama chini. Hakuwa na pa kuuweka uso wake.

"Asante kwa kunivusha, mwanangu," alisema yule mama, na ilitoka moyoni.