Mkaguzi Aliyemtaja Simba Msituni

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi Kawajense nikakaa nyumbani mpaka mama akachoka kuniona. Akanipeleka kwa kaka yake, mrina asali aliyekuwa akiongoza wageni katika msitu wa hifadhi nje ya mji. Wageni wenyewe walikuwa wachache: mapadri kutoka Karema, walimu, siku mojamoja Mzungu mwenye darubini aliyefuata ndege. Mimi nilifyeka njia na kuondoa miti iliyoanguka.

Ikaja amri kwamba njia zote za wageni zikaguliwe usalama. Itakayoshindwa ingefungwa kwa kila mtu, hata warina asali. Mizinga ya mjomba ilikuwa ng'ambo ya kijito, mwisho wa njia hiyohiyo, na ilikuwa imejaa. Mahindi yake yalikuwa yamekwisha kuliwa na ng'ombe wa jirani, kwa hiyo mwaka ule asali ndiyo ilikuwa chakula.

Bwana Misitu wa wilaya aliniagiza nichore kibao cha tahadhari. Nikaandika kwa rangi nyekundu: HATARI, na chini yake simba, nyati, chatu. Mjomba alikisoma kimyakimya.

"Unakiweka wapi?"

"Pale njia inapoanza, mjomba."

"Ndani ya msitu?"

"Ndani kidogo."

"Basi wachinjie na mbuzi, maana umeshawaita."

Kwa warina asali wa kwetu, mnyama mkali hatajwi jina mkiwa msituni. Simba ni "mwenyewe". Jina likimtoka mtu, wote mnageuka, mnarudi mpaka barabarani, mnatema mate, mnaanza upya kana kwamba ndiyo kwanza mmefika. Kibao tukakisimamisha ng'ambo ya barabara, kikitazama shamba la mihogo. Mwenye shamba alikuja kutuuliza amekosa nini.

Mkaguzi alitoka mkoani, Sumbawanga: mama wa makamo, mpole, mwenye mwavuli na viatu vya ofisini. Mjomba alitangulia, mkaguzi akamfuata, kisha Bwana Misitu, mimi nyuma na panga.

"Mzee, njia hii ina hatari gani?"

"Zipo, mama."

"Zipi?"

"Za kawaida."

"Simba wapo?"

Mjomba akageuka, akatupita mmoja mmoja kwa adabu, akaanza kurudi.

"Anakwenda wapi?"

"Barabarani, mama," nikamwambia. "Tumeanza vibaya."

Bwana Misitu alimkimbilia. "Mzee, mama kauliza simba tu, hajasema amemwona!" Mjomba akaongeza mwendo.

Tukatema mate, tukaingia tena. Tulikuwa tumefika mbali kidogo mkaguzi alipoinamia kinyesi kibichi. "Hiki si cha nyati?" Tukarudi. Mara ya tatu aliyetuponza alikuwa Bwana Misitu mwenyewe, alipomsogelea kumnong'oneza, "Mama, nakuomba, usitaje tena simba wala nyati." Mjomba ana masikio.

Jua likawa kali, na soli ya kiatu kimoja cha mkaguzi ikaachia. Nikaifunga kwa kamba ya gome. Barabarani Bwana Misitu alianza kufoka.

"Nyie mtafungiwa njia kwa ushirikina wenu."

"Funga," mjomba akasema. "Ila mama huyu nimekabidhiwa mzima. Nitamrudisha mzima."

Akajifuta jasho, akatangulia tena njiani. Mkaguzi akamtazama. Akafungua mwavuli, akasema, "Twendeni. Safari hii tusiongee."

Tukafika kwenye kijito bila neno. Daraja lilikuwa magogo mawili, moja likiwa limeliwa na mchwa. Mkaguzi alikanyaga hilo. Gogo likakatika katikati, mama wa watu akazama mpaka kiunoni, mwavuli juu. Bwana Misitu akayatazama yale maji meusi, akapanua mdomo.

"Mama, toka, kuna ma—"

"Usimtaje!" mkaguzi akamkatiza kutoka majini. "Mimi sirudi tena barabarani."

Mjomba alikuwa ameshaingia. Akamshika kwapani, akamsukuma ukingoni kama gunia la mpunga, naye akapanda nyuma yake. Mimi na Bwana Misitu tukavuka kwa gogo la pili, tukakaa wote ng'ambo, chini ya mzinga mmoja unaonguruma. Kisha mkaguzi akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi.

Uamuzi aliutoa palepale, akikamua sketi. Wageni wasipite mpaka daraja lijengwe. Warina asali wapite.

"Kwa nini hao wapite?" akauliza Bwana Misitu.

"Kwa sababu wanajua kurudi," akasema.

Wiki ile mjomba alirina mizinga yake yote. Mimi sikuwa na njia ya kufyeka tena, maana daraja halikujengwa. Nikapanda lori lililokuwa likirudi Ikola kuchukua dagaa, nikaanza kuzunguka, na mpaka leo sijakaa mahali.