Trei Tupu ya Mzee Athumani

Ipo siku moja ya Houston, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo nashindwa kukaa kitako.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami ndiyo kwanza nimeajiriwa hospitalini kuangalia lishe ya wagonjwa. Mzee Athumani, dereva wa teksi wa mtaa wa Gulfton, alikuwa akingoja kupasuliwa tumbo. Daktari alisema wazi: akiwa dhaifu, kidonda hakitafunga, na anaweza kutufia. Mimi sikuwa na wasiwasi. Uzito wake haukupungua, na trei yake ya chakula ilirudi tupu kila mara.

Muuguzi mkuu wa wodi, Sista Njeri, Mkenya asiyejua kumbembeleza mtu, akanisimamisha mlangoni.

"Unaniambia ako sawa, kwani umemshika mkono? Hiyo weight ni maji tu. Enda um-check vizuri!"

Nikaenda nimenuna. Nikamshika mkono karibu na bega: ngozi inaning'inia, nyama hakuna. Panja zimebonyea. Nikabonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Kumbe Mzee alikuwa amekonda, uvimbe ndio uliomficha! Sasa chakula kilikwenda wapi?

Nikakaa pale hadi mchana. Trei ikaja, na jamaa wa mitaa ya Sharpstown na Alief nao wakaja kumjulia hali, maana sisi watu wa pwani mgonjwa hatumwachi peke yake.

"Karibuni, karibuni tule," Mzee akasema.

Nani angekataa chakula cha mkubwa? Huyu akaonja kuku, yule akamega mkate, kwa adabu tu. Mzee akalamba kijiko, akasema alhamdulillahi. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa wageni walikuja na mwenyeji akazidi kwisha. Nilitaka kupiga vigelegele, mwanangu! Nilikuwa nimeona kile ambacho mizani haikukiona.

Nikamwomba awe anakula peke yake. Akang'aka: "Nile peke yangu, mimi mchawi?"

Basi nikawa naja na sahani yangu, nakula kando yake, tonge kwa tonge. Wageni tukawaomba waje baada ya chakula. Mkewe akaleta uji wa maziwa na samaki wa nazi, kwa ruhusa ya daktari. Upasuaji ukaahirishwa kidogo. Asubuhi moja Mzee akanibana mkono kwa nguvu zilizomrudia hata nikapiga ukelele, wodi nzima ikacheka, nami nikalia kwa furaha. Alipasuliwa, kidonda kikafunga, akarudi kwenye teksi yake.

Mwanangu unayesomea kazi hii, pima kwa mizani, lakini usiishie hapo. Mguse mgonjwa. Kaa naye wakati wa kula, uone kinachoingia mdomoni mwake. Na mtu wetu akikwambia ameshiba, mwitikie kwa heshima, kisha mwongezee. Mungu aibariki mikono yako, na kila utakayemlisha akuombee dua akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe.