Akiamka Hufanya Nini

Mume wangu alikuwa fundi wa kreni bandarini. Kampuni yake ilipomhamishia nchi ya baridi, niliomba ukaazi wa kudumu kama mke wake, na siku ya mahojiano nikaketi mbele ya kompyuta chumbani kwetu mtaa wa Kuze, Mombasa. Mavyaa, mamake mume wangu, alikaa kitandani nyuma yangu na tasbihi yake, ameambiwa asiseme neno.

Afisa, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliuliza kupitia kwa mkalimani, "Mumeo akiamka hufanya nini kwanza?"

Nilimwona waziwazi, kana kwamba yumo chumbani. "Hufungua dirisha na kumsabahi jirani wa ng'ambo. Kichochoro chetu ni chembamba, hata sukari tunapokezana madirishani. Kisha hurudi kunifunika shuka, akidhani nimelala."

"Hiyo ni huko Mombasa. Na huku je?"

Mwaka mzima alikuwa akiamkia mahali nisipopajua, na mimi kila asubuhi nikimwamsha mumu humu chumbani, akilini mwangu.

"Sijui," nikasema. "Nataka nikaone."

Mavyaa aliguna. Afisa aliinama akaandika kwa muda mrefu, nami nikaamini nimeharibu kila kitu.

Baada ya miezi kadhaa barua ilikuja: nimekubaliwa. Mavyaa alinishika uso kwa mikono miwili.

"Nenda, mwanangu. Ukishaona, nambie nami."

Jioni ile nilipita vichochoroni polepole, na kila aliyenisalimu nilimwona kama mtu wa ndotoni, kana kwamba nimeshaondoka na ninamkumbuka tu.