Kiti Kilichoshushwa Nyuma

Mume wangu aliinunua pikipiki ile kabla hajanioa, na kwa miaka yote ya ndoa yetu mimi nilikuwa mtu wa nyuma. Kolwezi nimeiona kupitia juu ya bega lake la kulia: mashimo ya mgodi wa Mashamba yakizidi kupanuka, nyumba za mtaa wa Musonoi zikizidi kusogeleana, na shati lake jeupe likigeuka jekundu kila kiangazi kwa vumbi la barabara.

Kisha goti lake la kushoto likakataa kukunjika, na gia za pikipiki hubadilishwa kwa mguu wa kushoto. Daktari akamkataza kuendesha. Walikuja watu kuiulizia kwa ajili ya vipuri, naye akawajibu kwa upole wa mtu anayeombwa auze mlango wa mbele wa nyumba yake. Kila Jumamosi aliifuta, akaiwasha, akaisikiliza ikinguruma uani, kisha akaizima. Usafiri haukuwa shida, kwani taksi-moto, zile pikipiki za abiria, zimejaa kila kona. Alichokikosa ni kuisikia sauti ile ikienda mahali.

Kwa hiyo nikajifunza kuendesha, kwa pikipiki ndogo ya mwalimu mwenzangu, katika uwanja wa shule tunayofundisha. Kikwazo kilichobaki ni kimo changu. Nilipoikalia pikipiki yetu, miguu ilining'inia kama ya mtoto kwenye benchi la kanisa. Tukakubaliana kiti kishushwe, na kwamba yeye sasa atakaa nyuma. Hilo la pili nililisema nikisonga bukari, ugali wetu, naye akajibu, "Tutaona." Nyumbani kwetu neno hilo ni ndiyo isiyotaka kusikika. Asubuhi yake alimwita fundi wa jirani aiendeshe, akapanda nyuma yake, wakaipeleka kwa mshonaji wa viti kule Musonoi.

Siku ya kuichukua tulikwenda pamoja. Kazi ilikuwa nzuri: ngozi ya bandia nyeusi, mshono mwekundu ulionyooka. Ila mbele palibaki juu vilevile, na nyuma palikuwa pamechimbwa bonde ambalo mgodi wowote wa kwetu ungelionea fahari.

"Mama, kala ujaribu," mshonaji alisema, akipigapiga bonde lake kwa kiganja. "Hautaogopa tena. Miguu itakuwa karibu na chini."

"Na mbele?"

"Mbele niliacha sawa vile ilikuwa. Tata ni mutu murefu."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa akiichunguza taa ya mbele kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Tata, ulimuambia nini?"

"Nilimuambia ateremushe fasi ya mama ya kukala."

"Na mama anakalaka wapi?" mshonaji akauliza, kwa mshangao wa kweli. "Si nyuma?"

Waendeshaji wa taksi-moto waliokuwa wakingojea viti vyao walikuwa wameacha mazungumzo yao. Mmoja akasema, "Tata, panda basi. Tuone vile bibi atakaa."

Ningeweza kumjibia. Sentensi nilikuwa nayo tayari, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Lakini niliona kwamba nikiisema mimi, nitamrudisha nyumbani kama mzigo, na huenda asipande tena kamwe. Nikanyamaza, jambo ambalo sina kipaji nalo.

Aliushika usukani, akauinua mguu kwa mazoea. Goti likasimama katikati ya safari. Akaurudisha chini taratibu, akalitazama tangi, si watu.

"Mi siendeshe tena," alisema. "Mama njo anaendesha. Mi njo mutu wa nyuma."

Yule mwendeshaji aliyemwambia apande akatikisa kichwa. "Aa, tata, sasa umekuwa patroni, mukubwa wa kazi. Patroni haendeshaka. Banamupeleka."

Wakacheka wote. Kicheko cha mume wangu kilichelewa, lakini kilifika.

Aliyebaki na huzuni ni mshonaji, aliyekuwa akikitazama kiti chake. "Basi nilichimbia patroni shimo," alisema. "Ile goti ingelia."

Akaifumua ngozi, akalikata sponji la mbele kwa msumeno, na kipande kile kile alichokitoa chini yangu akakibandika kwa gundi nyuma, mahali pa mume wangu. Nilipokalia tena, nyayo zangu mbili zililala ardhini. Mume wangu akapanda akiwa ameushika ukuta, akaunyoosha mguu wake, akaweka mikono mabegani mwangu.

"Gia ya pili," alisema tulipoanza. "Ya pili, mama. Sasa ya tatu." Hivyo hivyo mpaka barabara kubwa, ambako sauti yake ilikoma. Nilidhani amechukia jinsi nilivyolipita lori. Kumbe mkono mmoja ulikuwa umeondoka begani mwangu. Alikuwa akisalimia watu. Miaka yote mikono yake ilikuwa kazini. Sasa ilikuwa na nafasi, naye alikuwa na salamu nyingi za zamani.

"Ni bibi yangu anaendesha!" alimwambia muuza nyama ambaye hakuuliza.

Kwenye njia panda nikaanza kukata kona ya kwetu. Akanigusa bega la kulia.

"Pita ku soko."

"Tata, nyumba iko huku."

"Ninajua," alisema. "Pita ku soko."